Farasi Mwenye Kwato za Ng'ombe

Jumanne

Baba alikuwa na haki ya kucheka, ingawa nilimnunia nusu siku.

Hoteli moja ya mtaa wa Kiyovu inataka niichoree picha ya farasi akikimbia kwenye vilima vyetu, na mimi farasi nimemwona kwenye simu tu. Asubuhi baba aliutazama mchoro wangu, akacheka, akasema, "Huyu ni ng'ombe, mwanangu. Umemnyima pembe tu."

Iliniuma. Nikaenda zangu mtaa wa Rwezamenyo kununua rangi ambayo hata sikuihitaji.

Niliporudi nilimkuta amepiga magoti, anachora kwato kwa chaki sakafuni. "Ya farasi haina mpasuko," alisema. Kumbe ujanani, kule Karagwe, alimtunza farasi wa padre miaka miwili. Sikuwahi kujua!

Tangu mama afariki, baba huongea maneno matatu kwa siku. Leo alinisimulia habari za farasi yule mpaka chai ikapoa, hata akafunua bega anionyeshe alipong'atwa naye.

Picha inatakiwa Ijumaa na kwato zote nne ni za kurudia. Naogopa sitawahi. Lakini baba alipoinuka kwenda kulala aliniuliza, "Kesho tunaanza saa ngapi?"