Ngoma Niliyoipeleka Uwanjani

Kangemi, Nairobi
Jumatano jioni

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu za upendo pamoja na za baridi, maana Julai hii Nairobi imetuamulia. U hali gani huko Khayega? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakidanganya na maji moto na ndimu? Goti je? Senje Rachael aliniambia kwamba siku hizi unafika sokoni bila mkongojo, nikafurahi, ingawa namjua dada yako, habari njema huwa anazitia chumvi. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, silali vizuri, na sababu utaiona kadiri unavyosoma.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu uliyeongea naye kwa simu Jumapili. Lakini Baba, wewe simu unaiweka spika, na kabla sijamaliza kukuuliza umeamkaje, majirani wawili wamekwisha kunijibu. Haya niliyo nayo ni yako peke yako. Senje anasafiri kesho kuja huko na ndiye atakayekuletea barua hii, na bahasha nitaifunga kwa gundi, si kwa kuilamba tu, kwa sababu hiyo hiyo ya kumjua. Tafadhali isome kabla ya Jumamosi.

Nimesikia umeshaalika watu. Eti mwalimu ataleta projekta kwenye ukumbi wa kanisa, ili kijiji kizima kimwone Ivyne akicheza kwenye ufunguzi wa mashindano ya Afrika. Eti wewe utakaa mbele. Senje aliponipa habari hizo nilicheka, kisha nikashindwa kumaliza ugali wangu.

Uliniuliza hii kazi ya kujitolea ni kazi gani. Ni kazi isiyo na mshahara, Baba, kwa hivyo usiniulize tena. Tunapewa soda na mkate, na fulana yenye nembo. Tangazo nililiona kwenye simu nikiwa dukani mtaa wa Biashara, katikati ya kumpimia mteja kitambaa cha pazia: walitaka watu wa kucheza siku ya ufunguzi. Nilijiandikisha mteja akiwa bado amesimama hapo. Bosi wangu, Bwana Kailash, alinikubalia kutoka mapema mradi nisimletee usingizi dukani. Sasa analalamika kwamba nimemletea vidole. Nikisimama tu, vidole vinapiga kaunta. Juzi nilipiga jora zima la kitambaa kwa rula mpaka mama mmoja akauliza kama lina vumbi.

Mazoezi tuliyafanyia kwenye uwanja wa shule moja kule Kilimani, tumezungukwa na maghorofa, watu wakituchungulia kutoka roshani na vikombe vyao vya kahawa. Anayetufundisha anaitwa Quincy, kijana mwembamba asiyejua kukaa kitako. Mwanzoni kabisa alituambia hataki ngoma za kuigizia watalii. Kila mtu alete kitu cha kwao, kitu alicho nacho mwilini bila kufundishwa. Aliyenitangulia alikuwa Manpreet, msichana Kalasinga kutoka Loresho, akatuchezea ngoma yao ya arusi. Alisema ameicheza kwa kila binamu aliyeoa, na mabinamu zake wakihesabiwa hawaishi. Tulimpigia makofi mpaka mikono ikawaka.

Zamu yangu ilipofika sikuwa na ngoma wala mpango wowote. Nilipindua kiti cha plastiki, nikakiweka kati ya magoti, nikaanza kukipiga kwa viganja. Isukuti, Baba, ngoma yetu ya nyumbani. Mikono ilijua yenyewe inakoenda. Nilipoinua macho, watu wote uwanjani walikuwa wanakanyaga kwa pamoja, mabega yanaruka, hata mlinzi wa geti. Quincy akapiga kelele, "Wueh! Hii ni moto! Ivyne, hii ndio inafungua shoo!" Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Niliona nimewakilisha Khayega.

Wakaletwa wapigaji wa kweli na ngoma za kweli, mdundo ukarekodiwa, sote tukafundishwa hatua. Nilikuwa natembea Kangemi kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Halafu Senje akaja kunitembelea Jumapili moja. Nikamwekea chai, nikamfungulia video ya mazoezi. Alitazama kidogo tu, akaweka kikombe sakafuni, akaniuliza nani amekufa. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba kuna isukuti ya arusi na kuna isukuti ya matanga, na hii yangu hata si ya matanga yoyote tu. Hii kwetu hupigwa jeneza likitoka nyumbani kwenda kaburini, wapigaji wakitangulia mbele. Haina saa nyingine. Ukiipiga mlangoni kwa mtu aliye hai, atakuuliza ana ubaya gani nawe. Alisema siku hiyo ikitoka kwenye runinga, watu wetu wote watashika vichwa na kuulizana serikali inazika nani.

Nilijitetea, Baba, na utetezi wangu ni wa kweli. Hiyo nyingine ningeijulia wapi? Sisi watoto wa Kangemi nyumbani tunakujua kwa matanga. Arusi zetu zinafanyiwa huku, na DJ. Desemba tuko kazini. Kinachotupandisha basi kuja huko ni mtu kufa, na tukifika tunakuta ngoma inalia, tunaishika hiyo, tunarudi nayo mjini tukidhani ndiyo isukuti. Manpreet amekulia kwenye arusi za watu wake, na mimi nimekulia kwenye mazishi ya watu wangu. Senje akasema hilo nalo ni neno.

Lakini akanieleza na habari yako, ambayo hukuwahi kuniambia. Kwamba tangu tumzike Mama mwaka juzi, hukai tena kwenye matanga ya mtu. Unaenda, unatoa rambirambi, na kabla ngoma hazijaanza unaaga kwamba una ng'ombe wa kufungua. Kwamba alipozikwa jirani wa ng'ambo ya barabara walikukuta umekaa shambani katikati ya mahindi, umeziba masikio kama mtoto. Na sasa wewe huyo huyo ndiye utakayekaa kiti cha mbele, mbele ya wanakijiji wote wanaoujua mdundo ule unasema nini, na anayekuletea ni mimi. Tangu siku hiyo usingizi na mimi hatusalimiani. Naamka, nazunguka chumba, nachungulia magari ya Waiyaki Way, narudi kitandani, vidole vinaanza tena ukutani. Jirani amegonga mara mbili.

Samahani, niliinuka kwenda kuangalia maharagwe. Nimerudi.

Sasa Baba, Senje atakuambia kwamba nilienda kwa wakubwa wa sherehe kuwaeleza kosa, wakakataa kubadilisha, wakasema muda umekwisha. Usimlaumu, ndivyo nilivyomwambia. Si kweli.

Ukweli ni huu. Nilimvuta Quincy kando, Manpreet akiwepo, nikamweleza yote. Sijawahi kumwona kijana yule ametulia vile. Aliomba msamaha kana kwamba kosa ni lake. Akasema bado kuna nafasi, wapigaji wapo, tutarekodi upya, nimletee tu isukuti ya arusi kutoka kwa mtu anayeijua. Manpreet akasema atanipeleka yeye mwenyewe kwa gari popote alipo mzee wa kutufundisha, hata kama ni Kakamega. Wote wawili wakaniangalia, wakingoja. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana. Iacheni vile ilivyo."

Quincy aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Kisha nikaenda nyuma ya madarasa nikalia kwa sauti, Baba, kilio ambacho sikulia huko nyumbani.

Unakumbuka siku ya kumzika Mama mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa jikoni. Wageni wa Nairobi walikuwa wamefika, wakwe walikuwa wamefika, chai haikutosha, na kila aliyepita aliniita mimi kwa sababu mimi ndiye binti mkubwa. Nilisikia ngoma ikianza nikiwa nimeshika mwiko. Nikajua wanamtoa. Miguu ikataka kwenda, na mtu akanipa sufuria. Nikasema nitamimina hii moja niende. Nikamimina, nikapewa nyingine. Nilipotoka mbio na aproni yangu, wanaume walikuwa wanasawazisha udongo, na wapigaji wanakunywa soda. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Kazi ilikuwa nyingi tu. Lakini mdundo ule ulibaki ndani yangu haujapata pa kutokea, na mpaka leo ndio unaotembea kwenye vidole vyangu. Siku ile Kilimani nilipopindua kiti, ndipo ulipopata mlango. Sasa niufunge tena, niweke wa arusi? Nilishindwa. Nimewadanganya watu wote wenye furaha yao, wageni kutoka nchi nyingi, ili nipate kumtoa mama yangu nyumbani mara moja tu, mpaka mwisho, pasipo mtu wa kunipa sufuria.

Sijui kama ni dhambi. Ukiona ni dhambi niambie, nitaipokea, lakini niambie Jumapili.

Kuhusu Jumamosi, uamuzi ni wako. Ukiona huwezi, mwambie mwalimu una homa na ubaki nyumbani, nami sitakuuliza kamwe. Najua nakuomba kitu kizito. Lakini nimefikiri sana habari yako pia. Siku ile wewe walikukalisha kwenye kiti kando ya kaburi, wakakushika mabega huku na huku kwa ajili ya goti, wakakuambia Mzee tulia. Kijiji kizima kilimsindikiza Mama kikicheza. Wewe na mimi, tuliokuwa watu wake, ndio peke yetu ambao hatukucheza. Kwa hiyo ukiweza, Baba, ngoma ikianza usikubali mtu akushike bega. Simama. Watu wa ukumbini wataelewa kabla yako.

Nisalimie mwalimu na umshukuru kwa projekta yake. Wasalimie majirani, na uwaambie barua ilikuwa ya kawaida tu. Senje amebeba sweta yako na dawa ya kuchua goti. Sweta ni ya kuvaa, si ya kuweka kwenye sanduku. Mungu akutunze.

Jambo la mwisho, usije ukahangaika kunitafuta kwenye runinga. Tutakuwa wengi na nguo zetu zote ni za rangi moja. Ila tumeamriwa kutabasamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Utakayemwona hatabasamu, huyo ndiye wako.

Bintiyo,
Ivyne