Nani Atamwambia Baba Yako Ale?

Nyumbani, nyuma ya karakana ya seremala,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimepoa? Mkeo na mjukuu wangu je? Sisi tunapumua. Kusema hatujambo kungekuwa uongo, nami shangazi yako sikukulea kwa uongo.

Hali ya baba yako imezidi. Miaka yote hii tangu atoke gerezani, alikotiwa kwa kuchapa vile vikaratasi vya siri, bado hufika mlangoni akasimama, uso ukutani, mikono mgongoni, akingoja amri. Nikimwambia, "Karibu, mdogo wangu," hasogei. Nikifoka, "Pita!" anapita. Chakula nacho ni vivyo hivyo: nisipoamuru, sahani hupoa mbele yake. Mpiga chapa yule, aliyekuwa akibishana na kila mteja!

Seremala hunitania: "Shangazi, jeshini wanakukosa!" Mimi hucheka naye, kisha huingia jikoni nikalia. Nimekuwa askari wa ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa kaa chini usome. Daktari amesema uvimbe wa tumboni mwangu lazima ukatwe. Nitalazwa Jumatatu ijayo, na huenda nisirudi. Nani atamwambia baba yako ale? Seremala amejitolea: "Niachie mimi, nitamfokea mpaka alambe sahani." Nia yake ni njema, lakini nimekataa. Mtu baki akimfokea, ataona wamemrudia.

Mwanangu, uliniandikia kwamba hutakuja, kwa sababu tangu atoke hajakuita kwa jina hata mara moja. Kwamba amekusahau, na safari ya kwenda kutazamwa kama mgeni huiwezi. Sikukulaumu. Nami nilidhani hivyo.

Jana nilimweleza kwamba ninakwenda hospitali. Alitia mkate wake ndani ya mkoba wangu, kisha akaninong'oneza: "Dada, wakikuuliza, usimtaje mwanangu. Walinipiga sana, lakini jina lake hawakulipata kwangu. Hawatalipata."

Njoo, mwanangu. Nimeishiwa na nguvu, na sauti imenikauka. Usimwamuru. Keti naye mezani, uanze kula wewe.

Nisalimie mkeo, umbusu mtoto, na mama mkwe wako umpe pole ya miguu. Mungu akufungulie njia kabla ya Jumatatu.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapofoka,
Shangazi yako.