Sukari Iliyokuja Mapema

Mjukuu wangu Mwende,

Sisi hapa Matiliku tu wazima. Ndengu zimekauka vizuri, na mama yako anakusalimu.

Unasema viinitete vya nguruwe huko maabara vinakwama ukivipa glukosi, yaani sukari, siku za kwanza, ilhali vikipewa piruveti, ile inayotokana na sukari iliyokwisha kuvunjwa, vinaendelea kukua. Ukauliza kama nimewahi kuona jambo kama hilo.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, nguruwe wetu alikufa baada ya kuzaa. Babu yako aliwahurumia watoto wa nguruwe huyo, akawapa maziwa ya ng'ombe yenye sukari. Wakahara, wakalegea.

"Niongeze sukari wapate nguvu," akasema.

"Hapana, wataisha wote," nikamwambia. "Twende kwa Ndunge."

Nguruwe wa jirani yetu Ndunge alikuwa amezaa juzi. Tuliwasugua wale wadogo kwa nyasi za banda lake ili asiwakatae. Akawanusa. Kisha akalala, wakanyonya. Wawili walikufa, wengine wakapona.

Walipokua, walikuwa wakigombania miwa. Babu yako aliwatazama akacheka: "Kumbe sukari wanaipenda! Niliwaharakisha tu."

Nakuombea kazi njema, mwanangu.

Susu wako