Uskoti ya Kaptagat

Kaptagat,
Jumanne, 3 Septemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai uko salama na mgongo umepoa tangu ile siku ya kuinua masufuria. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku itanimaliza kabla ya viza kufika.

Naandika kwa kalamu kama mtu wa zamani kwa sababu simu yangu umeifungia kwenye droo ya duka. Ulisema watu wakinipigia na iite, watajua sijaenda. Simu ya Tata Wamucii nayo ilizama kwenye ndoo ya maziwa wakati wa Pasaka, na huyo dadako hana haraka ya kununua ingine. Kwa hivyo barua zetu atabeba Kimeli kwenye pikapu yake ya maziwa. Hajauliza swali hata moja, na hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Baba, nilikuambia. Nilikuambia ufadhili nimepata, barua ya chuo cha Uskoti ninayo, lakini viza bado. Ukasema Mzee Oketch alimuaga mwanawe Obonyo kwenda ng'ambo kwa mahema matatu, na askofu ana Jumamosi moja tu mwaka mzima. Haya. Fahali ameliwa. Keki imekatwa. Kina mama wamenivisha koti zito kama godoro, na basi zima la kanisa limenisindikiza uwanja wa ndege likiimba. Nikapanda huku nikipunga mkono. Nikashuka Nairobi, nikarudi kwa barabara nimejifunika leso kama mwizi wa kuku.

Sasa niko hapa nakamua ng'ombe wa Tata, ambaye anaamini Mungu amemletea mfanyakazi.

Tafadhali washa hiyo simu kila jioni uangalie ujumbe wa viza. Unakumbuka chuo kilisema nini. Nisipofika kabla mwezi huu kuisha, nafasi yangu na ufadhili wote anapewa mwingine. Hilo ndilo linanikosesha usingizi, sio Mzee Oketch.

Binti yako,
Ciru


Eldoret,
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Kwa binti yangu Ciru,

Salamu katika jina la Bwana. Mgongo uko hivyo hivyo. Barua yako nimeipata ikinuka maziwa.

Kuhusu lawama, nimezisoma na nimezisamehe. Simu naiwasha kila jioni nikishafunga duka. Hakuna kitu, isipokuwa kampuni moja inataka kukuuzia kiwanja.

Sasa kuna shida. Watu wanauliza habari zako. Mzee Oketch amekuja dukani kununua kiberiti, kijiti kimoja hajawasha, amekaa mpaka chai ya saa nne. Anataka picha yako ukiwa kwenye theluji. Mchungaji naye ameomba uandike salamu, nizisome Jumapili baada ya matangazo. Ningekataaje? Mimi ndiye msomaji wa matangazo.

Andika kitu kidogo. Lakini usidanganye, Ciru. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusimama madhabahuni nikasoma uongo.

Babako,
Mungai


Kaptagat,
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Kwa Baba,

Natumai hujambo. Mimi sijambo, mikono tu imepasuka.

Ati nisidanganye! Baba, wewe umenificha msituni halafu unaogopa uongo! Haya, salamu zako ni hizi hapa chini. Hakuna neno moja la uongo. Wazungu ninaowataja ni wale wakimbiaji wa kambi ya mazoezi hapo juu.

"Wapendwa, nawasalimu kutoka huku ugenini. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi ukungu unashuka hata humwoni ng'ombe uliyemshika. Miti ni mirefu sana, na kondoo ni wengi kuliko watu. Wazungu nawaona kila siku. Wananipita mbio wamevaa kaptura, wakinisalimia naitikia. Mwenyeji wangu ni mama mkali lakini mcha Mungu, na ananifundisha kwa vitendo. Koti mlilonipa sijalivua tangu nifike. Mniombee, kwa maana sijafika pale ninapotaka kufika. Wenu, Ciru."

Binti yako anayekuhurumia,
Ciru


Eldoret,
Jumanne, 10 Septemba 2024

Kwa binti yangu Ciru,

Natumai uko salama, na nakuomba uendelee kuwa salama, utaona kwa nini.

Salamu zako zimevunja rekodi! Kina mama wamelia. Pale kwa koti, Mama Rosebella wa hoteli ilibidi atolewe nje apungiwe hewa. Mchungaji ameniambia nisome tena ibada ya pili, na sauti haikunitetemeka isipokuwa pale kwa ng'ombe. Mzee Oketch aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Obonyo wake hajawahi kuandika hata mstari.

Sasa sikiza vizuri. Kina mama wameguswa, wameamua watenge siku nzima ya kukuombea. Wanataka mahali pa utulivu, penye miti. Wamechagua Kaptagat. Ni Jumamosi hii. Nimewaambia kuna mvua, wakasema mvua ni baraka. Nimewaambia barabara ni mbaya, wakasema Kimeli hupita kila siku.

Mwambie Wamucii afunge mlango na mdomo. Wewe usitoke nje hata ukisikia moto.

Viza bado.

Babako,
Mungai


Kaptagat,
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Walikuja. Walianza kuimba huko msituni saa tatu, na mimi nikajifungia kwa zizi la ndama na chakula cha mchana. Ningepona. Lakini dadako alipoona akina mama wamelowa, moyo ukamshinda, akawaita wote waje kwake wanywe chai! Wakaja na vikombe vyao, wakasimama hatua chache kutoka nilipo, na wakaanza kuniombea upya.

Baba, nimesikia kila neno. Waliomba nisiteleze kwenye theluji. Waliomba nisipate bwana asiyejua kanisa. Mmoja akaomba Mungu anikumbushe harufu ya nyumbani, na mimi hapo nimekaa kwenye mbolea ya ndama. Nikaanza kucheka, kisha nikajikuta nalia na siwezi kunyamaza. Tangu mama atuache sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakitaja jina langu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Rosebella. Aliniangalia na lile koti lao, limejaa nyasi mpaka kwa kola, akasema, "Ciru wa Uskoti, hujambo?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alichukua kikombe changu akajaza chai. Alisema walijua tangu zamani. Kumbe Kimeli humpelekea maziwa yeye pia, na yeye haulizi maswali, lakini akiulizwa hujibu! Nikamuuliza, mbona mkalia kanisani? Akasema, "Tulikuwa tunajizuia kucheka, mama. Mimi nilishindwa, ndio maana walinitoa nje."

Kisha akawaita wenzake. Hakuna aliyenigombeza. Walinizunguka hapo zizini, na Mama Rosebella akasema, "Muda huu wote tumekuwa tukiomba kitu ambacho sicho. Mambo ya theluji tuache. Tuombe viza." Wakaanza upya, mwanzo mpaka mwisho.

Baba, naogopa. Nimekufanyia mzaha kwa barua zote hizi lakini naogopa sana. Nilisoma usiku na mchana kwa sababu ya huu ufadhili. Ukipotea, koti hili nitalitazama vipi?

Binti yako,
Ciru


Eldoret,
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Kwa mwanangu Ciru,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Sikula.

Jana nilisimama baada ya matangazo ili niungame. Nilisema tu, "Wapendwa, kuhusu binti yangu..." na Mzee Oketch akaniambia kutoka benchi la nyuma, "Keti, Mungai. Viza ikija utatuambia." Kanisa lote likasema amina. Nikaketi.

Ibada ilipoisha alikuja akanishika mkono. Kumbe ile siku ya mahema matatu, Obonyo naye alikuwa bado hajapata viza. Alifichwa huko Soy kwa binamu mpaka mahindi yakavunwa.

Nisamehe, mama. Nilifurahi sana, na furaha ikanikimbiza mbele ya mambo. Sikuwahi kuwa na kitu cha kuonyesha watu, halafu nikapata wewe.

Simu naiwasha asubuhi, mchana na jioni.

Babako


Eldoret,
Jumanne, 24 Septemba 2024

Ciru!

Salamu baadaye. IMEKUJA. Pasipoti iko tayari Nairobi. Fua koti. Kimeli atakubeba kesho na maziwa, ukae mbele, usikalie mitungi. Hakuna sherehe. Ila Mama Rosebella anasema atapika chapati chache tu, na Mzee Oketch ameleta hema moja, eti mvua ikinyesha.

Baba


Eldoret,
Jumatano, 2 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Ciru,

Natumai umeamka salama na chuo kimekupokea. Mimi ni mzima. Jana kwa simu nilikuambia niko sawa, na wewe ukaniambia uko sawa, tukakata. Simu ni nzuri lakini haitoshi.

Juzi nilikuandikia. Nilitaka kukuambia kwamba mvua imenyesha, kwamba Wamucii amenunua simu na sasa hatupumui, na kwamba mchungaji anaulizia salamu zingine. Nikaikunja vizuri, na Kimeli alipomaliza kushusha maziwa nikampa kama kawaida. Aliiangalia, akaniangalia mimi, akaitia mfukoni akaondoka. Unamjua.

Kesho yake asubuhi alishusha mitungi, akatoa ile barua akaiweka juu ya kaunta. Akaniambia, "Mzee, nimefika mpaka kwa Mama Wamucii. Ciru hayuko."

Nikamjibu, "Najua hayuko."

Lakini Ciru, nilikuwa sijajua. Ndio nikajua hapo.

Nimeitia ndani ya hii. Nitakupigia simu unipe anwani.

Babako,
Mungai