Nguvu za Mkono Wako na Mkia wa Ndege

Karakana ya Ndege,
Chumba cha Vipuri,
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Kifua,

Hujambo huko kwenye chuo cha marubani? Mimi mzima. Mama naye mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Wewe nakuuliza hali kwa dhati, maana simu zangu hupokei tangu Ijumaa.

Barua yako niliisomea hapa kazini, mikono imejaa grisi. Umejisifu kwamba ulirusha ndege peke yako dakika arobaini, umevuta usukani mpaka bega likafa ganzi, ukatua salama. Nilipomsomea mama jioni alicheka, akasema mwanawe ana nguvu. Mimi sikucheka. Nimekukasirikia, tena sana.

Hebu nikueleze kama mtu asiyejua, kwa kuwa umejitia hujui. Ukivuta usukani, kile kibawa chenye bawaba nyuma ya mkia kinainuka, mkia unashuka, pua inapanda. Lile gurudumu dogo ubavuni mwa kiti lina kazi nyingine: linaliinamisha bawa zima la mkia, ili ndege ikae vile ulivyoiweka na mkono wako upumzike. Viwili hivyo husaidiana. Gurudumu likikaa sawa, usukani unaushika kwa vidole viwili tu.

Wewe, kwa maandishi yako mwenyewe, ulizungusha gurudumu, pua ikabaki nzito, ukaamua kushindana nayo. Hukujiuliza kama bawa limesogea, au gurudumu linazunguka bure? Kibawa ni kidogo, bawa ni kubwa, na siku bawa likiinama vibaya likakwama hapo hakuna misuli itakayokuokoa. Kichwa maji we!

Na ulipotua? Daftari la hitilafu liko pale mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi. Hukuandika hata neno, eti wenzako wangekuita goigoi. Kifua gani hicho kinachoogopa kalamu?

Mwezi uliopita tulifungua mkia wa ndege moja hapa. Ile nati ya skrubu ndefu inayosukuma bawa ilikuwa imelika, grisi imegeuka unga wa shaba. Marubani sita walikuwa wameivuta hivyo hivyo, kila mmoja akanyamaza akamwachia mwenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kingewaumbua abiria pia.

Ndiyo maana Alhamisi nilimpigia fundi mkuu wenu nikamsomea barua yako. Alimweka mtu kwenye gurudumu, mwenyewe akasimama mkiani. Gurudumu lilizunguka, bawa halikutikisika. Kesho yake asubuhi ndege ile ilikuwa irushwe na yule binti wa darasa lenu, mwembamba kama mama alivyokuwa ujanani. Angeivuta kwa nguvu zipi?

Najua umesimamishwa kuruka, na najua ni kwa sababu yangu. Radhi sikuombi.

Shangazi anakusalimu, na mapacha wake wanauliza utawaletea nini. Fundi Kimya hapa karakana naye kasema salamu, jambo ambalo si la kila siku. Mungu akulinde uwapo juu na uwapo chini, akupe na moyo wa kusema ukweli kungali mapema.

Nuna utakavyo. Kununa kwako nitakuvumilia miaka kumi, lakini kukuzika siwezi.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata kwa hasira hizi.