Maji ya Kijani, Ndalu

Jumatatu, 3 Machi

Vifaranga 1,500 vya samaki, bwawa la juu. Vilikufa Jumamosi asubuhi, vyote. Nilikuwa Bungoma kwa mama, anaumwa. Leo nimekamua, nimelisha kuku, kisha nikaopoa vilivyooza. Bwawa la chini bado zima.

Jumanne, 4 Machi

Barasa, shemeji yangu, amesema yaliyotokea. Wageni wa kanisa walikuja Ijumaa kuombea mradi. Kabla hawajafika, akaona aibu ya maji ya kijani. Akayamwaga karibu yote, akatoa gunia la samadi nililolifunga pembeni kurutubisha maji, akajaza maji meupe ya mto. Juu yake akamimina unga wa krili kutoka duka moja la Kitale.

"Si mwenye duka alisema krili ni planktoni imekaushwa? Nilidhani nakusaidia, shemeji."

Kijani kile kilinichukua wiki tatu. Nimekasirika sana.

Jumatano, 5 Machi

Kitale. Nilimweleza mwenye duka, akacheka. "Mama, ni kitu kimoja bana."

Nikamuuliza: nikiitisha kuku utaniletea ng'ombe, kwa sababu wote ni mifugo? Planktoni ni umati: vimea na vidudu vinavyoelea majini, vingi havionekani kwa macho. Krili ni jamii moja tu humo, ndugu wa kamba, wa bahari ya chumvi. Wengine hufika urefu wa kidole. Nao hula hao wadogo. Planktoni yangu ilikuwa hai, ikiwapa vifaranga chakula, na mchana hewa. Unga wa krili ulizama, ukaoza, ukamaliza hewa.

Akaacha kucheka. "Huo ni wa samaki wakubwa. Unachanganya kidogo tu." Ati sasa ndio anasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezamisha mkono bwawa la chini hadi kiwiko. Vidole havionekani kwa kijani. Chakula kipo.

Simu kutoka Bungoma: mama amezidiwa. Kesho naondoka. Wa kuachiwa ni Barasa peke yake. Jioni nimemkuta kando ya bwawa, ameziba pua.

"Inanuka, shemeji. Na pasta anarudi Jumapili."

Nikamuuliza: utayaacha hivi haya maji? Akasema tutaona. Naogopa hiyo tutaona kuliko unga.

Ijumaa, 7 Machi

Manyunyu. Begi liko mlangoni. Chai nimemwachia Barasa kwa chupa. Samaki wa bwawa la chini wanacheza, nimesimama nikawasikiliza.

Yeye bado amelala. Akiamka namuuliza hivi, wala siongezi neno: pasta aje, askofu aje, maji yatabaki kijani? Ndiyo au hapana. Kabla sijaondoka saa moja.