Mkono Uliobaki Begani

Chicago, 9 Oktoba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo lakini? Mgongo vipi, na uji wako wa nyama ya bata wateja bado wanaugombania? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea.

Mama, nimepata nafasi katika mchezo wa kuimba, jukwaa kubwa kweli. Ni habari za vita vyetu: msichana wa Saigon anapendana na askari wa Kimarekani, askari anaondoka, mtoto anabaki. Mimi ndiye huyo mtoto, nimeshakua. Mwisho napiga magoti mbele ya madhabahu ya mama yangu wa mchezoni, aliyekwisha kufa, nawasha ubani na kuimba. Ukumbi mzima unalia. Mwongozaji alitaka picha ya mwanamke halisi wa kwetu, nikampa yako niliyoondoka nayo, ile uliyomkata baba ukabaki mkono wake begani. Ameikuza ikawa kubwa kama mlango, inakaa juu ya madhabahu. Wote wanasema u mzuri.

Mwanao,
Thoa

Sa Dec, 20 Novemba 1994

Mwanangu Thoa,

Marahaba. Nilikuwa mzima mpaka Bi Tu jirani aliponisomea barua yako. Alipofika pale pa ubani akaiweka chini, akaenda kunawa mikono kama katoka mazikoni. Na hii anaiandika yeye, mimi nasema tu.

Umerukwa na akili? Tangu lini picha ya mtu hai ikafukizwa ubani? Mimi napika uji huku, wewe unanizika kila jioni! Na hao watu wanalipa ili walie? Hapa tunalia bure. Je, huyo askari mwishoni anarudi? Kama anarudi, basi mchezo huo ameutunga mtu wa huko.

Itoe. Ule mkono nilishindwa kuukata, ningejikata na mimi. Ulipokuwa unaitwa mwana wa adui kwa ajili ya baba yako sikulia mbele za watu, na leo natazamwa na ukumbi mzima nikiwa nimeshikwa bega. Nikifa weka ile ya kitambulisho, ingawa nimenuna kama nimeibiwa bata. Huo mkono usinifuate.

Nimeanza kukohoa. Sisemi ni kwa ajili ya ubani. Njoo Tet, tule mwaka mpya pamoja.

Mama yako

Chicago, 15 Januari 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua vipi? Umekwenda kwa daktari?

Nilimwambia mwongozaji. Akasema picha ndiyo moyo wa mchezo. Nikiendelea kulalamika wataniondoa, waimbaji wengine wanasubiri mlangoni. Mama, huko kwetu hata watoto wenzangu hawakutaka kucheza nami. Hapa watu wanasimama kunipigia makofi. Unajua nilivyokuwa na njaa ya kitu hicho?

Mchezo umeongezewa muda hadi mwisho wa Aprili. Tet hii siwezi. Mei nitakuja na picha yako mkononi. Nivumilie kidogo.

Mwanao,
Thoa

Sa Dec, 12 Februari 1995

Mwanangu,

Marahaba. Tet imepita. Nilikuwekea bakuli lako mezani. Kifua kinabana, naongea kwa shida. Sina hasira tena. Wewe maliza kuimba. Ila kila wakizima taa, unigeuze niangalie ukuta, nipumzike.

Mama yako

Sa Dec, 6 Mei 1995

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Bi Tu amenipokea mlangoni na kitambaa cheupe cha msiba cha kufunga kichwani, nikajua. Barua yake ya msiba na mimi tulipishana njiani. Amesema walikuzika Jumamosi moja ya Aprili. Jumamosi huwa naimba mara mbili.

Nimekitafuta kitambulisho. Wakati wa kuandikisha msiba kilichukuliwa, na Bi Tu alipokifuata akaambiwa kimeshaharibiwa. Madhabahu yako imekaa bila uso. Sina picha nyingine ila hii niliyorudi nayo, Mama. Nimeshika mkasi, nikajaribu kuuondoa ule mkono, lakini ukikatwa unakwenda na shingo yako. Nimeweka ilivyo. Baba kakushika bega huko huko uliko, na mimi ndiye niliyemleta.

Nikapiga magoti, nikawasha ubani. Nilitaka kukuimbia. Wimbo nilioimba majira yote ya baridi sikuukumbuka hata neno moja. Bi Tu alikuwa jikoni anaosha vyombo.

Barua hii siipeleki posta. Naichoma ndani ya sufuria lako la uji, ikufikie kwa moshi. Moshi wangu mwingine wote ulikufikia.

Mwanao,
Thoa